Goti au nyonga bandia: usingizi kiasi gani unakufaa mezani?

Swali huja limechelewa. Vipimo vimekwisha, bima imekubali, damu ya akiba imepatikana, mgonjwa ameshavaa gauni la wodini, ndipo mtaalamu wa usingizi anapopita jioni na faili mkononi: "Mama, kesho tukuchome mgongo au tukulaze?" Mama anamtazama binti yake. Binti anatazama sakafu. Kisha mmoja wao anajibu, "Ninyi ndio mnaojua, daktari."

Mimi ni muuguzi wa chumba cha kuamkia, pale wanapoletwa watu dakika chache baada ya kuwekewa nyonga au goti bandia. Jibu hilo ni la heshima, nami sigombani na heshima. Lakini mtaalamu anajua dawa. Hajui kwamba mama ana miezi sita sasa anasahau sufuria motoni, wala kwamba baba hukoroma usiku mpaka pumzi inakatika na kurudi kwa kishindo. Hayo mnayajua nyumbani, na mara nyingi ndiyo yanayoamua.

Tena swali lenyewe limefupishwa kupita kiasi. Ukiulizwa "mgongo au kulala" unadhani kuna njia mbili tu. Ukweli ni kwamba ganzi na usingizi ni vitu viwili mbalimbali. Ganzi huondoa maumivu, usingizi huondoa fahamu. Mtu anaweza kuwa na ganzi kamili huku akisimulia habari za shambani, na anaweza kuwa na ganzi hiyohiyo huku amelala fofofo. Kinachobaki kuchagua ni kiasi cha usingizi juu ya ganzi, na kiasi hicho ndicho ninachotaka tukipime hapa.

Njia nne zilizopo

Ya kwanza ni sindano ya mgongo, nawe ukabaki macho. Dawa, mara nyingi bupivakaini, mililita 2 hadi 3 hivi, huwekwa kwenye maji yanayozunguka neva, chini ya pale uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Ndani ya dakika 5 hadi 10 miguu inapata joto, inakuwa mizito, kisha inakuwa kama ya mtu mwingine. Ganzi hudumu kati ya saa 2 na 4.

Ya pili ni sindano hiyohiyo pamoja na dawa kidogo ya kutuliza kwenye mshipa. Unasinzia, lakini ukiitwa jina unaitika.

Ya tatu ni sindano hiyohiyo pamoja na dawa ya usingizi, kwa kawaida propofoli, kwa kiasi kinachokufanya usiitike mpaka utikiswe au ufinywe. Unapumua mwenyewe, ila koo linaweza kulegea na kuziba njia ya hewa.

Ya nne ni nusukaputi, yaani usingizi kamili. Hapa hakuna haja ya sindano ya mgongo. Fahamu huondolewa yote, mpira wa kupumulia au kifaa kingine huwekwa kooni, na mara nyingi mashine hubeba kazi ya pumzi.

Mpaka kati ya njia ya pili na ya tatu ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi dawa ni ileile, bomba la sindano ni lilelile. Kiasi kinachomsinzisha kidogo mwanamume wa miaka 50 kinaweza kumzamisha bibi wa miaka 82 mwenye kilo 45. Kwa hiyo neno "tutakutuliza kidogo" halitoshi; uliza kidogo maana yake nini.

Tupime kwa vigezo gani

Nimechagua vinne: utakachosikia ukiwa mezani, pumzi na presha, saa za kwanza baada ya kutoka, yaani maumivu, kichefuchefu, mkojo na kusimama, na hali ya akili siku zinazofuata. Gharama nimeiacha makusudi, kwa sababu katika upasuaji huu kiungo bandia chenyewe na siku za kulazwa ndivyo vinavyobeba bili, na tofauti ya usingizi ni ndogo ukilinganisha.

Utasikia nini ukiwa mezani

Watu wengi hawaambiwi kwamba upasuaji wa kiungo una sauti za karakana. Kuna msumeno, kuna keekee, kuna nyundo inayogonga chuma kwenye mfupa mpaka meza yote inatikisika. Saruji ya mfupa ikikorogwa ina harufu kali ambayo wengine huifananisha na rangi ya kucha. Aliye macho atayapata yote hayo bila maumivu, nyuma ya pazia. Kuna mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, aliyekataa dawa yoyote ya kutuliza. Alipoletwa kwetu alikuwa akimsifu daktari kwa jinsi anavyopiga nyundo, pigo fupi fupi bila papara. Kwa mtu kama huyo, kuwa macho kulimpa utulivu. Kwa mwingine, sauti hizohizo zingemkaa kichwani mwaka mzima. Vipokea sauti vya masikioni vyenye kaswida, kwaya au taarabu husaidia sana, na hospitali nyingi hazikatai ukiomba mapema.

Ukitulizwa kidogo utapata vipande: sauti ya mbali, mkono begani, taa. Midazolamu, dawa inayotumiwa sana kutuliza, hufuta pia kumbukumbu, hivyo mtu anaweza kuongea nawe mezani na baadaye akaapa kwamba alilala. Ukilala usingizi mzito, kwa kawaida hukumbuki kitu. Kwa kawaida, nasema, kwa kuwa dawa hupunguzwa na kuongezwa, na mtu anaweza kuzinduka kidogo katikati.

Nusukaputi ndiyo inayokaribia zaidi ahadi ya kutosikia lolote. Ukaguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, ripoti yake ikatoka 2014, ulikuta kwamba taarifa za watu kujitambua katikati ya nusukaputi zilikuwa kama 1 kwa kila watu 19,000. Ukaguzi huohuo ulipokea pia malalamiko ya watu ambao hawakupewa nusukaputi hata kidogo. Walipewa dawa ya kutuliza tu, lakini wao walikuwa wameelewa kwamba watalala kabisa, na waliposikia sauti wakaamini kwamba usingizi umeshindwa. Hakuna aliyekosea dawa hapo. Kilichokosekana ni maelezo ya dakika mbili usiku wa kuamkia upasuaji.

Pumzi na presha

Sindano ya mgongo hulegeza mishipa ya damu ya miguu, presha ikashuka. Wengine husikia kichefuchefu au giza la macho dakika chache baada ya kuchomwa. Hurekebishwa kwa dripu na dawa ya kupandisha presha. Hali hii ni ileile katika njia tatu za kwanza, ila propofoli nyingi huongeza mteremko. Nusukaputi nayo hushusha presha, kwa njia nyingine. Mtu ambaye mlango wa moyo unaopeleka damu mwilini umekuwa mwembamba sana anahitaji tahadhari kubwa mno na sindano ya mgongo, kwa hiyo mwenye tatizo la moyo aonwe mapema, asisubiri jioni ya mwisho.

Kwa pumzi, mpangilio ni mwingine kabisa na huwashangaza watu. Njia iliyo salama zaidi kwa mapafu mabovu au pumu isiyotulia ni kuwa macho au kutulizwa kidogo sana, kwa sababu unapumua na kukohoa mwenyewe. Nusukaputi inayagusa mapafu, lakini njia ya hewa iko mikononi mwa mtu na mpira. Njia inayotaka macho makali kuliko zote ni ya tatu, ile ambayo wagonjwa huiona ya katikati na ya starehe. Umelala sana, koo limelegea, hakuna mpira, na kama ni nyonga mara nyingi umelazwa ubavu huku kichwa kikiwa chini ya pazia. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku, mnene wa shingo, au mwenye kiungulia kinachopanda hadi kooni, huyu yuko hatarini zaidi katika usingizi mzito usio na mpira kuliko katika nusukaputi yenyewe.

Hii haimaanishi njia ya tatu ni mbaya. Panapokuwa na oksijeni, kipimo cha oksijeni kidoleni, kipimo cha hewa anayotoa mgonjwa, na mtu mmoja asiyeondoka kichwani pake kwa dakika zote 90, inafanywa kila siku na watu wanaamka vizuri. Hospitali zetu nyingi, Tanzania na Kenya, hutegemea wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, wenye mikono mizuri sana. Tatizo huja pale mtu huyo mmoja anapoitwa chumba cha pili kusaidia.

Saa za kwanza

Maumivu kwanza. Aliyechomwa mgongo anakuja kwetu akitabasamu, mguu hauhisi kitu, na ndugu wanasema "kumbe si kitu". Halafu saa tatu usiku ganzi inaisha kwa mkupuo, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Dawa za maumivu zianze kabla ganzi haijaisha. Ukisubiri mpaka mgonjwa aombe, umechelewa. Aliyepewa nusukaputi maumivu humpokea mlangoni, isipokuwa daktari wa upasuaji awe amechoma ganzi kuzunguka kiungo au neva ya mguu imezibwa kwa sindano. Omba hilo kwa njia yoyote utakayochagua. Kwa goti, ganzi ya neva iliyowekwa katikati ya paja, upande wa ndani, huacha nguvu ya msuli wa mbele kuliko ile ya kwenye kinena, na nguvu hiyo ndiyo itakayokuzuia usianguke ukienda msalani kesho yake.

Kichefuchefu na koo linalokwaruza ni vya nusukaputi zaidi, hasa hewa za usingizi zikitumika. Propofoli hupunguza kutapika, hivyo njia ya pili na ya tatu zina nafuu hapo. Kutetemeka kwa baridi hutokea kwa zote, na blanketi la ziada ni jibu zuri kuliko watu wanavyodhani.

Mkojo kukwama ni wa sindano ya mgongo zaidi, hasa kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua, na hasa kama mofini imechanganywa kwenye sindano hiyo. Mofini ya mgongoni hutuliza maumivu hadi siku nzima, lakini huleta mwasho wa mwili na inaweza kupunguza pumzi saa nyingi baadaye. Aliyeipata aangaliwe usiku wote.

Halafu kuna maumivu ya kichwa. August Bier, Mjerumani aliyeanza ganzi ya mgongo mwaka 1898 kwa kokaini, alijaribiwa yeye mwenyewe na akapata maumivu ya kichwa yaliyomlaza kwa siku kadhaa. Sindano za leo ni nyembamba mno, tundu ni dogo, na wanaoumwa kichwa ni wachache, wazee wakiwa wachache zaidi. Maumivu hayo yana alama yake: ukikaa yanapanda, ukilala yanashuka. Ukiyaona, sema, yana tiba.

Kusimama: ukiwa macho au umetulizwa kidogo, akili iko tayari tangu dakika ya kwanza, unasubiri miguu tu. Ukitoka kwenye usingizi mzito unasubiri vyote viwili. Wa nusukaputi miguu yake ina nguvu, ila kichwa kinazunguka. Jioni hiyohiyo au asubuhi inayofuata wote wanapaswa kuwa wamesimama na mtaalamu wa mazoezi, wakishika fremu. Kwa kigezo hiki pengo kati ya njia ni la saa, halifiki siku.

Sindano itanipoozesha?

Swali hili linastahili jibu lake lenyewe maana linawafukuza watu kwenye njia inayowafaa. Ukaguzi wa Uingereza uliotolewa 2009 ulihesabu sindano za mgongo za aina zote zaidi ya 700,000. Madhara ya kudumu yalikuwa kati ya watu 2 na 4 kwa kila 100,000. Maumivu ya mgongo ambayo kina mama wengi huyalaumu kwenye sindano ya uzazi mara nyingi yana vyanzo vingine. Ukiwa na hofu, iseme kwa mtaalamu mwenyewe. Usiinyamazie na kuibeba mpaka mezani.

Akili baada ya upasuaji

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Mzee anatoka vizuri, anakunywa chai, anaongea na wajukuu kwa simu. Usiku wa kwanza au wa pili anaanza kuvuta dripu, anamwita mumewe aliyefariki, anauliza nani kaingiza ng'ombe ndani. Anaweweseka huku macho yako wazi. Au inakuja kinyume: anakuwa kimya, hali, hajibu, analala mchana kutwa, nasi sote tunasema amechoka, mwacheni apumzike. Ya kimya ndiyo inayopita bila kuonwa. Kwa wengi hali hii huisha ndani ya siku chache. Kwa wengine huacha usahaulifu wa miezi, na wakati wote huo mtu hafanyi mazoezi, hali, anaanguka, na kiungo kipya kinakakamaa. Nimeona familia ikiamini ni mapepo. Nimeona mzee amefungwa mikono kwa khanga asing'oe dripu. Ni ubongo ulioelemewa. Dua na sala ziendelee, na daktari aitwe usiku huohuo, maana nyuma yake huenda kuna homa, upungufu wa maji, mkojo uliokwama au oksijeni iliyoshuka.

Je, usingizi ndio unaoleta? Kwa miaka mingi tuliamini kwamba anayekwepa nusukaputi anakwepa na hili. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Marekani na Kanada wa watu 1,600 wenye miaka 50 na zaidi waliovunjika nyonga, baadhi wakachomwa mgongo na wengine wakapewa nusukaputi. Waliochanganyikiwa walikuwa takriban 20 katika kila 100, pande zote mbili. Uwezo wa kutembea baada ya siku 60 nao haukutofautiana. Watu wakasema: labda ni kwa sababu wengi wa waliochomwa mgongo walitulizwa pia. Lakini utafiti wa China wa watu 950 wenye miaka 65 na zaidi, ambamo waliochomwa ganzi hawakutulizwa kabisa, ulikuta karibu matokeo yaleyale: 6.2 katika kila 100 kwa ganzi, 5.1 kwa nusukaputi.

Na kiasi je? Utafiti uliofanyika Baltimore, ukachapishwa 2018, ulichukua watu 200 wenye miaka 65 na zaidi, wote wakiwa wamechomwa mgongo, ukawagawa kati ya usingizi mzito na mwepesi. Waliochanganyikiwa walikuwa 39 katika kila 100 kwa usingizi mzito na 34 kwa mwepesi, tofauti isiyotosha kuitegemea. Lakini kwa wale walioingia bila magonjwa mengine, usingizi mzito uliongeza hatari zaidi ya mara mbili.

Wote hao walikuwa watu waliovunjika nyonga, waliofika kwa dharura na maumivu. Anayekuja kwa miadi kubadilisha goti lililochakaa ana hatari ndogo zaidi. Mimi nazisoma tafiti hizi hivi: njia ya nne haistahili hofu tuliyoitupia, njia ya kwanza si kinga, na kwa mzee usingizi mwepesi haumpotezei kitu, huenda ukamsaidia.

Lakini yapo yanayozidi hayo yote, na hayaandikwi kwenye fomu ya ridhaa. Promethazini, dawa ya kuzuia kutapika ambayo kwetu hutolewa ovyo pamoja na pethidini, dawa kali ya maumivu, ni moja ya dawa zinazovuruga zaidi akili ya mzee. Pethidini nayo hivyo hivyo. Midazolamu inafuata. Mwambie mtaalamu: mzee wetu anasahau, tafadhali mwepusheni na hizi kama kuna mbadala. Kisha mrudishieni miwani yake mapema, kifaa cha kusikia kama anacho, meno yake ya bandia. Sauti anayoijua iwe karibu usiku wa kwanza. Maji ya kunywa mara anaporuhusiwa. Dirisha wazi mchana, taa zimezimwa usiku. Nimekaa na wazee wengi hao, na hayo madogo ninayaamini kwa moyo wote.

Nani anafaa wapi

Kuwa macho kunamfaa mtu mtulivu, mdadisi, anayeweza kulala tuli saa moja na nusu bila mgongo au bega kumsumbua. Mwenye mapafu dhaifu. Mzee ambaye tayari anachanganya siku, mradi asiwe mtu wa kupaparika. Hakumfai mwenye hofu ya mahali palipobana, wala asiyeweza kuelekezwa kwa lugha anayoielewa.

Usingizi mwepesi unawafaa wengi kuliko wanavyojua: mwenye wasiwasi wa kawaida, mwenye presha iliyotulia, mwenye kisukari anayetaka kurudia kula mapema. Kasoro yake ni kwamba hauahidi kutosikia kitu.

Usingizi mzito juu ya ganzi unamfaa aliye na afya njema, mwembamba wa shingo, asiyekoroma, mwenye hofu kubwa ya sauti, na awe kwenye hospitali yenye vifaa na mtu wa kutosha.

Nusukaputi inamfaa ambaye sindano ya mgongo haiwezekani: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ambazo hazikusimamishwa kwa wakati, aliyewahi kufungwa vyuma mgongoni, mwenye kidonda au maambukizi pale sindano inapopita. Inamfaa pia anayebadilishiwa kiungo bandia cha zamani, kazi inayoweza kuizidi ganzi kwa muda. Na inamfaa anayesema wazi kwamba hataki kuwepo kabisa. Hiyo ni sababu halali, haihitaji kutetewa.

Kama hali yako ni hii

Umevuka miaka 70 na nyumbani mnaona usahaulifu: anzeni na macho wazi au usingizi mwepesi, na mwombe iandikwe kwenye faili kwamba dawa za kutuliza ziwe kidogo. Ikishindikana, nusukaputi iliyopimwa vizuri ni salama kuliko usingizi mzito wa kukisia.

Unakoroma na kuzinduka ukihema: sema kabla ya yote. Mwepesi sana, au nusukaputi yenye mpira. Ya katikati iacheni.

Unatumia warfarini, klopidogreli au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda: usiache mwenyewe na usinyamaze. Baadhi zinahitaji siku 5 au zaidi kabla sindano ya mgongo haijawa salama, kwa hiyo jambo hili ni la kliniki ya wiki mbili kabla.

Una tezi dume: njia zote zinawezekana, lakini ukichomwa mgongo uliza kuhusu mofini ndani ya sindano na mpango wa mpira wa mkojo.

Una selimundu, na kwetu Afrika Mashariki vijana wa miaka 25 au 30 wanaofikia nyonga bandia kwa sababu hiyo si wachache: akili kuchanganyikiwa siyo hofu yako kubwa. Hofu ni baridi, kiu, oksijeni kushuka na maumivu yasiyotibiwa. Njia yoyote inakufaa ikiwa utapashwa joto, dripu itaanza mapema na oksijeni itaendelea hadi wodini. Usingizi mzito bila uangalizi ndio wa kuukwepa. Mwambie mtaalamu pia ni dawa gani za maumivu umezizoea, maana dozi za kawaida huenda zisikutoshe.

Unaogopa mno lakini mwili wako unataka usingizi mwepesi: kubalianeni ishara, vidole viwili vikiinuliwa, maana yake niongezewe. Njia ya pili inaweza kugeuka ya tatu katikati ya kazi. Kurudi nyuma huchukua muda zaidi.

Unafanyiwa kwenye hospitali ndogo: uliza moja tu. "Nani atakaa kichwani pangu mpaka mwisho?" Kama jibu lina kigugumizi, chagua kuwa macho.

Njia yoyote ile, kabla ya upasuaji kaa muda wa saa 6 bila chakula na muda wa saa 2 bila hata maji matupu, hata kama umeambiwa utakuwa macho, kwa sababu ganzi ikigoma utalazwa. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Bibi akiletewa kikombe cha uji alfajiri kwa upendo, upasuaji utaahirishwa au utafanywa kwa hatari.

Na kama goti la pili nalo limechakaa, kama ilivyo kwa wengi, ombeni nakala ya karatasi ya usingizi kabla ya kuruhusiwa: dawa zilizotumika, kiasi, presha ilivyokwenda, usiku wa kwanza ulivyokuwa. Ihifadhini pamoja na kadi ya kliniki. Mwakani mtaalamu akipita jioni na faili, mumwonyeshe.